Mwaka Serikali Ilipopanda Mlima

Mwanaidi alinipigia simu asubuhi nikiwa natandika kitanda, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Nesi Rehema amefariki na msiba uko nyumbani kwake Kihonda. Mchana wa siku hiyo hiyo tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mmoja, tumejitanda kanga, katika sebule iliyotolewa makochi yote, harufu ya udi ikichanganyika na moshi wa kuni uliotoka kwenye masufuria ya uani. Wanaume walikuwa wamekwenda kuzika. Majirani walimzungumzia marehemu kwa namna watu wanavyozungumza wakishachoka kulia: jinsi alivyokuwa mkali kwa mama anayechelewesha chanjo ya mtoto, jinsi alivyoipenda chai yenye tangawizi ya kuunguza koo, jinsi alivyokuwa hawezi kupita karibu na mtu anayekohoa bila kumsimamisha na kumhoji. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akauliza, "Hivi ni kweli aliwahi kufanya kazi huko milimani?" Mwenzake akamjibu, "Huko ndiko alikoanzia. Huko juu Matombo, shuleni." "Nesi, shuleni?" "Ndiyo. Serikali ilimpeleka." Yule mama akatikisa kichwa kama aliyeambiwa jambo lisiloingia akilini, kisha mazungumzo yakahamia kwenye wali. Mimi na Mwanaidi tulitazamana. Tuna watoto wanaosoma vyuo sasa, tuna miwani ya kusomea na miguu inayovimba tukisafiri, lakini pale kwenye mkeka nilimwona tena kama alivyokuwa kidato cha tatu, shingo ndefu, sketi ya bluu iliyofubaa, akisubiri nesi amwite jina.

Kabla ya mwaka ule, serikali kwangu ilikuwa sauti. Ilikuwa ikitoka kwenye redio ya mpishi wa shule, jikoni, wakati tunapanga foleni ya uji, nayo siku zote ilizungumzia mahali pengine: barabara ya pengine, daraja la pengine, hospitali ya pengine. Shule yetu ilikuwa imekaa kwenye bega la mlima, juu ya migomba na mikarafuu, mahali ambapo ukungu ulikuwa unaingia darasani asubuhi na kutoka wakati wake ukifika. Nyuma ya bweni la wasichana kulikuwa na boma ambalo wazazi walilijenga kwa mawe ya mtoni na matofali ya kuchoma. Walifikisha lenta wakaacha, maana ndivyo walivyoambiwa: wananchi wajenge, serikali itapaua. Ilikuwa zamani kiasi kwamba mpapai ulikuwa umeota ndani, ukakua, ukazaa. Sisi tulikuwa tunaanika humo nguo zetu za ndani, kwa sababu kuta zilituficha. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Anselma, alikuwa akishuka mjini mara kwa mara kufuatilia lile boma, na kila alipoondoka na mkoba wake mweusi wasichana walisema, "Anakwenda kuiomba serikali bati," na tulicheka, kama tunavyomcheka mtu anayekwenda kuomba mvua.

Basi mwanzoni mwa mwaka, siku shule ilipofunguliwa, alisimama mstarini na kutuambia kwamba shule yetu ni mojawapo ya shule chache zilizochaguliwa kwa majaribio. Serikali ingepaua lile boma, ingeleta dawa na vifaa, na ingeleta nesi wa kukaa pale pale, mshahara juu yake, kwa ajili ya afya ya wanafunzi. Hakuna aliyepiga makofi. Hatukujua tupige makofi kwa ajili ya nini. Katika bweni letu, msichana akiumwa alikuwa analala kwenye kitanda chake na wenzake wanamletea uji. Akizidiwa anatafutiwa wanaume wa kijijini wambebe kwenye machela hadi barabarani, na kama siku hiyo kuna gari, anafika mjini. Hivyo ndivyo ulimwengu ulivyokuwa, na hakuna aliyeulalamikia, kama vile ambavyo hakuna aliyeulalamikia mteremko.

Vitu vilifika masika yameshaanza. Lori lilikuja hadi kwenye kijito kilicho chini ya shule, likakuta kivuko kimekwenda na maji, likasimama hapo. Dereva alishuka, akautazama mlima, akasema yeye mwisho wake ni hapo. Mwalimu Anselma alifunga madarasa yote. Tulishuka shule nzima, walimu mbele, na kijiji kilipoona tunashuka nacho kikashuka. Nakumbuka mabati yakipanda mlima juu ya vichwa vya watu, marefu, yakimeremeta kwa mvua, mpaka ukitazama kutoka chini ni kama mto umegeuka unapanda. Nakumbuka kitanda cha kupimia wagonjwa kikibebwa na wasichana kama jeneza la mtu anayependwa, na jokofu dogo la chanjo, lile la kutumia umeme wa jua, likiwa limezungushiwa mablanketi ya bweni ili lisigongwe. Wanawake wa kijijini walipokezana na sisi kwenye kona bila kuambiwa. Mwanaidi ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Alikuwa na sauti iliyosikika hadi upande wa pili wa bonde, na sisi tuliitikia tukipanda kwa hatua za wimbo. Katikati ya mlima sauti ikakatika. Nilipogeuka nilimwona amekaa kwenye jiwe, mkono kifuani, midomo imekuwa ya rangi ya majivu. Matroni wetu, Bi. Salma, akampita na ndoo ya misumari kichwani, akasema, "Huyu anachojua ni kuimba tu. Kazi ikianza pumzi inaisha." Tulikwishazoea kusikia hivyo. Mwanaidi mwenyewe aliinuka, akatabasamu, akaendelea kupanda polepole mkono wake ukiwa begani kwangu.

Jioni ile vitu vyote vilikuwa vimepangwa katikati ya bwalo la chakula, na tulikula makande tukiwa tumevizunguka. Hakuna aliyetaka kukaa mbali. Mzani wa kusimamia, mabeseni ya chuma yanayong'aa, maboksi yenye mihuri. Msichana mmoja aligusa muhuri kwa kidole, akauangalia mkono wake. Hata leo sijui namna nzuri ya kukieleza kile nilichokihisi, isipokuwa kusema kwamba kwa mara ya kwanza ile sauti ya redioni ilikuwa na uzito, na shingo yangu ilikuwa inauma kwa sababu ya uzito huo.

Nesi Rehema alikuja mafundi walipomaliza kupaua. Alikuja kwa miguu kutoka kwenye kijito, na viatu vya mjini, na alipofika alikuwa na tope hadi magotini na hasira iliyotufanya sote tuliokwenda kumpokea tusahau kumwamkia. Alikuwa msichana bado, tuseme mwanamke kijana, ingawa kwetu alionekana mtu mzima. Usiku wa kwanza chumba cha kulala alichopewa kilivuja, akahamia kwa Mwalimu Anselma, na mimi niliyepeleka maji ya kuoga asubuhi nilimsikia akisema ndani, "Mwalimu, nisamehe, lakini mimi nitakaa mpaka mvua ziishe tu. Nimeshaandika barua ya kuomba uhamisho." Mwalimu Anselma akamjibu, "Sawa. Ila kabla hujaipeleka, niwekee sawa kile chumba cha wagonjwa." Nikasikia kijiko kikigonga kikombe, na Nesi Rehema akiuliza, "Tangawizi hii mnaitoa wapi?"

Alikiweka sawa. Ndani ya wiki chache, mahali tulipokuwa tukianika nguo pakawa na kuta nyeupe na sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikawa kama kioo, na mapazia ya kijani tuliyoyashona wenyewe kwenye somo la sayansi kimu. Palinukia spiriti na chokaa mbichi. Asubuhi jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la mashariki na kukaa juu ya kitanda, na mara nyingi, nikitumwa kupeleka kitu, nilisimama mlangoni kwa muda kabla ya kubisha hodi, nikitazama tu. Nimeingia kwenye majengo makubwa tangu wakati ule. Kwa kazi yangu nimepanda lifti hadi ghorofa ambazo ukitazama chini watu ni kama siafu. Hakuna jengo lililowahi kunifanya nishushe sauti yangu kama kile chumba.

Jambo la kwanza alilolifanya ni kumpima kila mwanafunzi, darasa kwa darasa: macho, masikio, uzito, kifua. Wasichana waliokuwa wakikaa mbele kwa sababu ya kutoona ubao wakajulikana. Mmoja aliyekuwa akiitwa mjinga kumbe sikio lake moja lilikuwa limeziba tangu utotoni. Zamu yetu ilipofika, mimi na Mwanaidi tuliingia pamoja kwa sababu aliogopa kuingia peke yake. Nesi Rehema alimwekea ile stetoskopu kifuani, akasikiliza, akaihamisha, akasikiliza tena. Kisha akafumba macho. Nje wasichana walikuwa wakicheka kwenye foleni na yeye aliinua mkono kuelekea dirishani, nao wakanyamaza.

"Mwanangu," akamwambia, "uliwahi kuumwa magoti?"

"Zamani, nesi. Nikiwa darasa la tatu. Yalivimba, nikawa sitembei. Bibi alinikanda."

"Na koo?"

"Koo linaniuma kila mwaka."

Nesi Rehema aliendelea kumshika mkono. Mwanaidi akamuuliza, "Kuna nini?" na nesi akasema bado hajui, yeye si daktari, ila moyo wa Mwanaidi unapiga na kitu kingine juu yake. "Naweza kukisikia?" Mwanaidi akauliza. Nesi alisita. Nafikiri alikuwa akiwaza kama ni jambo la kumfanyia mtoto. Halafu akamvalisha ile stetoskopu masikioni na kuiweka mahali pake. Mwanaidi alisikiliza akiwa ametazama ukutani. Akaninyooshea kidole, akasema, "Sasa nataka kusikia wa Felista, nijue wa mtu mwingine ukoje." Tukasikilizana. Wangu, aliponivalisha na mimi, ulikuwa ukipiga kama mtu anayetwanga taratibu kwenye kinu cha mbali, mchi ukishuka, ukishuka. Wa Mwanaidi ulikuwa unatwanga hivyo hivyo, lakini kati ya mchi na mchi kulikuwa na pumzi ndefu, kama maji yanayorudi nyuma chini ya mawe. Nilikuwa nimelala kitanda cha juu yake kwa miaka miwili. Nilijua anavyokoroma, anavyopenda ukoko wa wali, jina la kijana wa Mikese aliyekuwa anamwandikia. Na muda wote huo kile kitu kilikuwa mle ndani kikisema na hakuna aliyekisikia. Nilivua masikioni taratibu sana, nikiogopa nikikitikisa kitazidi.

Hospitali ya mkoa walisema alichohofia nesi. Homa ya utotoni, ile iliyoanzia kooni na kushukia magotini, ilikuwa imeharibu valvu moja ya moyo, kitu kama kifuniko kidogo kisichofunga tena sawasawa. Daktari aliwaambia Mwalimu Anselma na bibi yake Mwanaidi kwamba huko mbele huenda akahitaji upasuaji, lakini jambo la sasa ni kuzuia isiharibike zaidi, na dawa yake ni sindano ya penisilini kila mwezi, bila kukosa, kwa miaka mingi. Akauliza wanaishi wapi. Walipomtajia, aliweka kalamu chini. Ndipo Nesi Rehema aliyekuwa amesimama nyuma yao akasema, "Mimi nipo. Nitamchoma mimi." Bibi yake Mwanaidi alitusimulia baadaye, kwa ile lafudhi yao ya mlimani inayopanda mwisho wa sentensi, kwamba daktari alimtazama yule nesi, akamuuliza atakaa huko mpaka lini, na nesi akachelewa kujibu. Barua ile ya uhamisho sikuisikia tena.

Kila mwezi, basi, Mwanaidi aliingia chumbani akiwa amekunja uso na kutoka akichechemea, akishika nyonga na kucheka kwa wakati mmoja, kwa sababu sindano ile ni nzito na inauma kama jiwe. Bi. Salma hakuwahi kuomba radhi. Hakuwa mtu wa maneno hayo. Ila asubuhi moja nilimwona kisimani akichukua ndoo ya Mwanaidi kutoka mikononi mwake na kuipandisha mwenyewe, na asubuhi iliyofuata vilevile. Na maisha ya shule yakabadilika kwa mambo madogo. Msichana aliyekuwa na maumivu ya mwezi alikuwa na mahali pa kulala na chupa ya maji ya moto tumboni, badala ya kuinama juu ya dawati hadi jioni. Tulimeza dawa za minyoo na kichocho tukiwa tumepanga mstari, tukitazamana vinywani. Jioni Nesi Rehema alikaa kwenye kibaraza akila ndizi na maharage kutoka kwenye sahani yetu, akituuliza majina ya Kiluguru ya viungo vya mwili ili akienda kuzungumza na wazazi asichekwe. Walimcheka hata hivyo.

Vuli zilipoanza ndipo tuliposikia kwamba majaribio yanaisha. Sikujua kuwa yana mwisho. Pesa ilikuwa imetoka juu kwa muda tu, ili ionekane kama jambo linawezekana. Baada ya hapo halmashauri yetu ilitakiwa iamue kama italibeba yenyewe kwenye bajeti yake au iliache. Madiwani wa kamati wakaja kuangalia. Walitembezwa kila mahali, wakasaini kitabu cha wageni, kisha wakaingia ofisini kwa mkuu wa shule kula. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopangwa kuwahudumia, na kila nilipoingia na bakuli nilipata kipande cha mazungumzo. Mmoja wao, Mheshimiwa Kizigo, alikuwa diwani wa kata iliyo juu yetu zaidi, mtu mwembamba mwenye koti kubwa. Nilipokuwa namnawisha mikono alikuwa akisema, "Sikatai kuwa ni kizuri. Nasema hivi: kwangu mama mjamzito anashushwa kwa machela, na akishushwa anapitishwa hapo nje, kwenye ukuta wa hiki chumba. Ndani kuna nesi amekaa na watoto wazima wenye afya zao. Hao watu niwaambie nini?" Mwalimu Anselma alitazama sahani yake. Nilirudi jikoni nikiwa na hasira, na hasira ile iliniuma zaidi kwa sababu niliwajua wale akina mama. Mmoja wao alikuwa shangazi yangu.

Siku ya baraza la madiwani iliangukia siku ya Mwanaidi ya kupimwa mjini, kwa hiyo Mwalimu Anselma alitushusha pamoja, mimi nikiwa msindikizaji. Tulimaliza hospitali mapema. Alisimama kwenye geti, mkoba mweusi kwapani, akatuuliza kama tungependa kwenda kukaa ndani ya baraza. "Mkutano ni wa wazi," akasema. "Mtu yeyote anaruhusiwa kusikiliza." Nilifikiri tungeona kitu cha fahari. Tuliingia kwenye ukumbi mrefu wenye feni zilizozunguka kwa uvivu, viti vya plastiki nyuma, na meza zilizofunikwa vitambaa mbele, ambako watu wa kawaida kabisa, wanaume kwa wanawake, walikuwa wakifungua soda na kupepea kwa makabrasha. Mwenyekiti alitukaribisha watazamaji na kutukumbusha kwamba haturuhusiwi kuchangia. Wakaanza na ushuru wa mazao. Wakaenda kwenye soko, wakaenda kwenye barabara iliyokatika. Mwanaidi alisinzia begani kwangu. Na ghafla, kwa sauti ile ile waliyoitumia kwa ushuru wa mazao, nikasikia jina la shule yetu.

Afisa mmoja alieleza huduma hiyo ni nini na gharama zake zinaangukia wapi. Diwani wa kwanza akasema fungu la afya halitoshi hata kwa zahanati zilizopo. Wa pili, mama mwenye kilemba cha zambarau, akasema wanafunzi ni watu wenye nguvu, wagonjwa ni wazee na watoto wachanga. Mwanaidi alikuwa ameamka. Alikaa wima, sare yake imepigwa pasi, akimtazama yule mama kwa heshima, kama unavyomtazama mwalimu. Hakuna diwani mle ndani aliyejua habari ya moyo wake. Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema, mheshimiwa, njoo uweke sikio hapa. Mwalimu Anselma aliweka mkono wake juu ya goti langu, na nikaona mkono wenyewe ulikuwa na jasho. Kisha Mheshimiwa Kizigo akanyoosha kidole na kupewa nafasi, na nikainamisha kichwa.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," akasema, "siku ile tulipokwenda, wenzangu walipobaki wanakunywa chai mimi nilitoka nje kujinyoosha. Akapita mama wa kwenye kata yangu na mtoto mgongoni, anamkimbiza barabarani. Mtoto anaungua. Yule nesi akamwona dirishani, akamwita, akamtibu pale pale. Nikamfuata nikamuuliza, kwa utaratibu wa majaribio haya unaruhusiwa kumtibu mtu asiye mwanafunzi? Akaniambia, siruhusiwi." Alikunja mikono ya koti lake. "Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile. Mwanzoni nilitaka kusema tukifunge. Sasa nasema tukichukue, tukilipie, ila ule ukuta unaotazama njia utobolewe, uwekwe mlango. Wanafunzi waingie kwao, watu wangu waingie kwao, nesi akae katikati."

Mwenyekiti alimgeukia Mganga Mkuu wa wilaya, akamuuliza kama inawezekana. Mganga Mkuu akasema inawezekana kwa kukisajili kama zahanati, ila atahitajika mhudumu wa pili. Mtu akauliza swali kuhusu maji. Mtu akajibu. Halafu wakaombwa wanaokubali wanyooshe mikono, na mikono ikapanda, mmoja mmoja, mingine ikiwa imeshika kalamu, mmoja umeshika chupa ya soda, na mama wa kilemba cha zambarau akatazama kushoto na kulia na kuunyoosha wake. Haikuchukua muda hata wa kuchemsha chai. Wakahamia kwenye ajenda ya machinjio.

Nimefanya kazi katika ofisi za umma kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na nimekaa katika vikao vingi vya aina ile. Nimeona mambo mema yakipitishwa yasifike, na mengine yakifika nusu. Hata kwetu, mhudumu wa pili alichelewa mpaka sisi tumemaliza shule, na kuna miezi ambayo Nesi Rehema alishuka mwenyewe mjini kuifuata ile penisilini. Lakini sindano ya Mwanaidi haikukosekana. Alichomwa na Nesi Rehema, na baadaye, alipoolewa akahamia Mikese, akachomwa na wengine waliofuata, mpaka madaktari walipomfanyia upasuaji akiwa mtu mzima na nguvu zake. Kila ninapoingia kwenye ukumbi wenye feni na soda, watu wakiwa wamechoka na wanataka kwenda nyumbani, kuna wakati nasahau kabrasha lililo mbele yangu, na wenzangu huniuliza kama naumwa. Siumwi. Ninatazama tu viti vya nyuma, kujua ni nani amekaa pale.

Mlango ulitobolewa mwishoni mwa mwaka, mitihani ikiwa imekwisha. Kijiji kilikuja tena, safari hii na nyundo na patasi, na Bi. Salma aliwapikia wote magimbi. Ukuta ulikuwa mnene kuliko walivyokumbuka waliojenga, na kila jiwe lilipotoka mwanga uliingia ndani mahali ambapo haukuwahi kuwa, ukaangukia kabati la dawa, kisha mzani, kisha miguu ya Nesi Rehema aliyekuwa amesimama na ufagio akiwaambia wapunguze vumbi. Walipachika fremu, wakapachika mlango wa mbao za msaji, wakaondoka.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa siku ya sindano. Mimi na Mwanaidi tulikuwa peke yetu kwenye benchi, tukisikia nesi akipanga vifaa nyuma ya pazia. Ule mlango mpya ulikuwa wazi. Mwanamke akaja kwa ile njia ya nje, na mtoto mchanga mgongoni, akasimama nje. Akavua kandambili zake, akaziweka sambamba ukutani. Akaangalia sakafu, akaangalia kuta, akawa haingii.

"Hapa si kwa wanafunzi?" akatuuliza.

"Na kwa wengine, mama," Mwanaidi akasema. "Shikamoo. Pita."

Aliingia kwa ncha za vidole, akakaa ukingoni mwa benchi, akamfungua mtoto na kumlaza mapajani. Mtoto alikuwa akihema haraka, macho yamefumba nusu. Kisha pazia likasogezwa, na Nesi Rehema akatoa kichwa, sindano ya Mwanaidi ikiwa tayari kwenye trei mkononi mwake.

"Nani anafuata?" akauliza.

Mwanaidi alikwishaanza kuinuka. Akakaa tena, akaweka mkono wake juu ya blanketi la yule mtoto.

"Huyu hapa," akasema.